Nimebonyeza Print Screen, picha imekwenda wapi?

Swali: Habari za kazi. Nina steshenari jirani na chuo, na msimu wa maombi kazi yangu kubwa ni kuwajazia wanafunzi fomu za udahili na mkopo mtandaoni. Natumia laptopu ya HP yenye Windows 10 na desktopu moja ya Windows 11. Mwanafunzi akimaliza anataka skrinishoti ya ukurasa wa mwisho. Kwenye laptopu nabonyeza Print Screen na hakitokei kitu, naishia kupiga picha kwa simu. Kwenye desktopu skrini inafifia, kinatokea kidude juu, sijui nikifanyeje. Ukurasa ukiwa mrefu napata nusu. Na hata nikifanikiwa, nikituma WhatsApp wanalalamika maandishi yana ukungu na namba hazisomeki. Nielewesheni hatua kwa hatua.

Jibu: Nzuri, na pole na msimu. Tuanze na hilo la "hakitokei kitu", kwa sababu nusu ya matatizo uliyoandika yanatokana nalo.

Kwenye Windows 10, kitufe cha Print Screen kikibonyezwa peke yake hakitengenezi faili. Kinanakili kila kilichopo kwenye skrini na kukiweka kwenye ubao wa kunakili, sehemu ile ile ya kumbukumbu yanakokaa maandishi ukibonyeza Ctrl+C. Hakuna mlio, hakuna ujumbe, skrini haitikisiki. Picha ipo, ila haina jina wala folda, na itakaa hapo hadi unakili kitu kingine au uzime mashine. Inawezekana kabisa umekuwa ukizipata picha siku zote, kisha unanakili namba ya mteja anayefuata na ile picha inafutika papo hapo.

Hivyo kabla ya kukariri vitufe, jiulize jambo moja kuhusu kila njia: picha inaishia kwenye ubao wa kunakili au inaishia kuwa faili? Ya kwenye ubao unaibandika kwa Ctrl+V ndani ya kitu kinachopokea picha: Paint, Word, barua pepe, au mazungumzo ya WhatsApp Web. Huwezi kuibandika moja kwa moja ndani ya folda wala juu ya desktopu, hata ubonyeze Ctrl+V mara kumi. Na mfumo wa maombi unapokuambia uchague faili la kupakia, picha ya kwenye ubao haikusaidii mpaka uihifadhi kwanza.

Kwenye laptopu

Tazama kibodi ya hiyo HP. Kwenye laptopu nyingi maandishi ya prt sc hayana kitufe chake pekee. Yamebanwa pamoja na kazi nyingine, mara nyingi kwenye safu ya juu ya vitufe vya F au karibu na Delete. Kazi mbili zikikaa kwenye kitufe kimoja, moja hutokea kwa kubonyeza tu, na nyingine hudai ushikilie Fn. Kipime hivi: fungua Paint, rudi kwenye ukurasa wowote, bonyeza Print Screen, rudi Paint, bonyeza Ctrl+V. Picha ikitokea, kitufe ni kizima na hukuwa na tatizo lolote. Isipotokea, rudia kwa kushikilia Fn.

Ikigoma bado, yawezekana programu nyingine imekidaka kitufe. OneDrive na Dropbox (programu za kuhifadhi faili mtandaoni) na programu nyingi za skrinishoti huomba ruhusa ya kukitumia siku zinapowekwa, na wengi wetu hukubali bila kusoma. Kwa OneDrive, bonyeza alama yake ya wingu karibu na saa, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya "Sync and backup", uone kama palipoandikwa kuhifadhi skrinishoti kwenye OneDrive pamewashwa. Na kama kitufe chenyewe kimekufa kwa vumbi au chai, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl na O. Itatokea kibodi juu ya skrini, nayo ina Print Screen unayoweza kuibonyeza kwa kipanya.

Kwa kazi yako, tunakushauri uache kabisa mtindo wa Print Screen peke yake na Paint. Shikilia kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha, kisha bonyeza Print Screen. Kama umegundua kibodi yako inadai Fn, vinakuwa vitatu: Windows, Fn na Print Screen. Skrini itafifia kufumba na kufumbua, na hiyo ndiyo dalili kwamba faili limeshaandikwa. Utalikuta kwenye folda ya Pictures, ndani ya folda ndogo iitwayo Screenshots, likiwa na jina la Screenshot na namba kwenye mabano. Folda hiyo hujitengeneza yenyewe mara ya kwanza, kwa hiyo usishangae ukiitafuta sasa hivi na kuikosa. Jambo dogo linalowachanganya watu: ukifuta picha zote za zamani, namba hairudi 1. Windows inaendelea kuhesabu ilipoishia.

Picha zikikosekana hapo, chanzo cha kawaida ni OneDrive tena. Ukikubali iweke akiba ya folda zako, inaihamisha folda yote ya Pictures na kuiweka ndani ya folda ya OneDrive, na ile ya zamani unaikuta tupu. Badala ya kuzunguka huku na huko, bonyeza Windows na R, andika shell:screenshots, kisha Enter. Folda sahihi itafunguka popote ilipohamia.

Kile kidude cha Windows 11

Hakijaharibika kitu. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11, Print Screen imebadilishwa kazi: badala ya kunakili kimyakimya, inafungua Snipping Tool. Skrini inafifia ili uchague sehemu unayoitaka. Buruta kipanya kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, achia, basi. Kwenye upau mdogo wa juu unaweza kubadili na kuchagua dirisha moja au skrini nzima. Ukiona umekosea, Esc inakutoa.

Kama hukipendi, ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Keyboard, na uzime palipoandikwa "Use the Print screen key to open screen capture". Sisi tungekiacha, tena tungekiwasha hata kwenye ile laptopu, kwa sababu unachokata mwenyewe ni bora kuliko skrini nzima. Windows 10 ina mpangilio huo huo chini ya Ease of Access, upande wa Keyboard. Hata bila kuuwasha, Windows, Shift na S kwa pamoja hufungua kidude hicho hicho kwenye mashine zote mbili, na hapo huhitaji Print Screen kabisa.

Kuna tofauti moja kati ya mashine zako mbili. Kwenye Windows 11 iliyosasishwa, Snipping Tool hunakili picha kwenye ubao na papo hapo huihifadhi pia kwenye ile folda ya Screenshots, isipokuwa mtu awe amezima mpangilio huo ndani ya programu. Kwenye Windows 10 picha huenda kwenye ubao, kisha inatokea arifa pembeni chini kulia. Usipoibonyeza arifa hiyo ikafungua dirisha la kuhariri, na hapo ukahifadhi kwa Ctrl+S, huna faili. Na arifa yenyewe isipoonekana, angalia kama Focus assist imewashwa. Ikiwashwa huzificha arifa.

Mazoea ya kunakili picha kadhaa mfululizo kabla ya kubandika yana dawa pia. Bonyeza Windows na V, kubali kuwasha historia ya ubao, na kuanzia hapo mashine itakumbuka vitu 25 vya mwisho badala ya kimoja. Picha inayozidi megabaiti 4 haiingii. Ukiwasha upya mashine, vyote vinaondoka isipokuwa ulivyovibana kwa pini. Lakini kwenye mashine ya steshenari historia hiyo ni hatari kidogo, tutaigusa mbele.

Ukitaka dirisha moja tu bila kuburuta, Alt na Print Screen hunakili dirisha lililo mbele na kuliweka kwenye ubao. Ni msaada mkubwa kwa mwenye skrini mbili, kwa maana Print Screen ya kawaida huziunganisha zote kuwa picha moja ndefu ya kulala. Menyu inayojifunga kila ukigusa kitu kingine ina njia yake: fungua Snipping Tool yenyewe, chagua kuchelewesha kwa sekunde 3, anza, kisha ifungue menyu na usubiri. Mshale wa kipanya hautokei kwenye picha za namna hii. Ukitaka kuonyesha mahali pa kubonyeza, chora duara baadaye.

Kwa wanaobandika Paint: picha ikitoka na ukingo mpana mweupe, maana yake karatasi ya Paint ilikuwa kubwa kuliko picha yenyewe. Mara tu baada ya kubandika, picha ikiwa bado imezungushiwa mstari wa nukta, bonyeza "Crop". Ukingo unaondoka.

Ukurasa mrefu unaotoka nusu

Njia zote tulizotaja zinapiga kile jicho lako linachoona kwenye skrini na hakuna zaidi. Kilicho chini ya ukingo hakipo kwa upande wao. Anayejua urefu kamili wa ukurasa ni kivinjari, kwa hiyo kazi hii mwachie yeye.

Firefox ndiyo rahisi: bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye ukurasa, chagua "Take Screenshot", halafu "Save full page". Edge ina kitu kama hicho kwa Ctrl, Shift na S, kisha "Capture full page". Chrome inacho lakini imekificha kwenye zana za watengenezaji. Bonyeza Ctrl, Shift na I, zikifunguka bonyeza Ctrl, Shift na P, andika screenshot, na kwenye orodha chagua "Capture full size screenshot". Faili linaingia kwenye Downloads. Ukiifanya mara mbili tatu inazoeleka.

Bado unaweza kupata nusu, na sababu huwa moja kati ya mbili. Kurasa nyingine hupakia picha na majedwali pale tu mtu anaposhuka kuyafikia, hivyo shuka hadi mwisho kwanza, rudi juu, ndipo upige. Mifumo mingine, hasa ya fomu, haina ukurasa mrefu kabisa: ni ukurasa mfupi wenye kisanduku ndani yake, na kinachoshuka ni kisanduku. Kivinjari kinapima ukurasa, kinaona ni mfupi, kinakupa ulichokiona. Hapo punguza ukubwa kwa Ctrl na alama ya kutoa, asilimia 80 au 67, mpaka kisanduku kionyeshe kila kitu, au piga vipande viwili vinavyopishana kwa mistari miwili mitatu ili msomaji aone vinaunganika wapi.

Lakini kwa ukurasa wa mwisho wa maombi tuna mashaka kama skrinishoti ndiyo chombo sahihi. Mfumo ukikupa kitufe cha kupakua fomu au risiti, kitumie hicho. Usipokupa, bonyeza Ctrl na P, na mahali pa kuchagua printa chagua "Save as PDF". Faili la PDF linabeba maandishi kama maandishi. Mwanafunzi anaweza kunakili namba yake ya maombi bila kuikosea, anaweza kulitafuta neno ndani yake, na likichapwa herufi zinatoka kali kwa ukubwa wowote. Fungua mipangilio zaidi kwenye dirisha hilo hilo na uweke alama kwenye "Headers and footers": tarehe na anwani ya ukurasa vitachapwa pembezoni. Rangi za visanduku zikipotea, weka alama pia kwenye "Background graphics". Kurasa zilizotengenezwa vibaya huvurugika zikienda PDF, jedwali likakatwa katikati. Skrinishoti ya ukurasa mzima ina nafasi yake hapo.

Na hili wanafunzi waambie wazi: skrinishoti si uthibitisho kwamba maombi yamepokelewa au malipo yamefika. Mtu yeyote anayejua kufungua zile zana za Chrome tulizozitaja anaweza kubadilisha namba au jina kwenye ukurasa ulio mbele yake na kuupiga picha, na jicho haliwezi kutambua. Mteja akikuonyesha picha ya malipo kwenye simu yake, angalia salio lako au ujumbe ulioingia kwako.

Ukungu wa WhatsApp

Windows inahifadhi skrinishoti kama PNG. Aina hiyo ya faili hubana picha bila kupoteza hata pikseli moja (pikseli ni vile vinukta vidogo vinavyounda picha), na kwa ukurasa wenye maandishi na nafasi nyingi nyeupe hufanya kazi vizuri sana: skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, ambayo bila kubanwa ingekula karibu megabaiti 6, mara nyingi inakuwa kilobaiti mia chache tu.

Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaigeuza kuwa JPEG na kupunguza ukubwa wake. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera, nyuso na mandhari, ambako rangi hubadilika polepole. Inaigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, ndani ya kila kimoja inatupa mabadiliko madogo ya ghafla, na rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga. Herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni mabadiliko ya ghafla matupu. Ndiyo maana vinatokea vumbi na kivuli kuzunguka herufi, 8 inafanana na 6, na maandishi mekundu yanachafuka kuliko meusi. Mwanafunzi akimtumia mwenzake kwa kuipiga picha tena, inabanwa upya.

Dawa ni kuituma kama hati. Kwenye WhatsApp Web bonyeza alama ya kuambatisha, chagua "Document", kisha lichague faili la PNG. Linafika kama lilivyotoka kwako. Usiliburute faili na kulidondosha kwenye mazungumzo, wala usibandike kwa Ctrl+V, kwa sababu njia hizo mbili hulituma kama picha. Chaguo la HD linapunguza madhara ila haliyaondoi. Na ukihifadhi kwa Paint, angalia mwisho wa jina la faili: likiwa .jpg umeshaharibu kabla hata ya WhatsApp kuanza.

Ukungu wa pili hauhusiani na WhatsApp. Laptopu nyingi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Herufi ndogo kwenye skrini hiyo ina pikseli chache tu za kuichora, na ukiikuza baadaye unakuza zile zile chache. Kuza kabla ya kupiga: kwenye kivinjari bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha hadi asilimia 150, hakikisha kinachotakiwa kinaonekana, ndipo upige. Herufi itachorwa upya kwa pikseli nyingi zaidi. Hatua hii ya sekunde mbili inasaidia kuliko programu yoyote ya kunoa picha.

Kwa kuchapa, hesabu ni nyepesi. Karatasi ya A4 yenye pambizo za kawaida za Word inakuachia upana wa karibu sentimita 16, inchi 6.3. Picha ya pikseli 1366 ikitandazwa hapo inapata takriban pikseli 217 kwa inchi, na maandishi yanasomeka vizuri. Kipande cha pikseli 600 ukikivuta kijaze upana huo huo kinabaki na pikseli 95 kwa inchi, na ngazi za herufi zitaonekana kwa macho. Kiache kidogo. Kama ukurasa ulikuwa kwenye mandhari meusi, yazime kabla ya kupiga. Hakuna sababu ya kulipia wino wa usiku mzima kwa mistari mitano ya maandishi.

Majina ya watu kwenye picha zako

Hukuuliza hili, lakini kwa kazi unayofanya ni zito kuliko ukungu. Skrini nzima inabeba vichupo vilivyo wazi, arifa zinazoingia, na jina la mteja aliyetangulia kwenye dirisha la nyuma. Hii ndiyo sababu tunasisitiza kukata sehemu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya NIDA ya mwanafunzi iliyosambaa kwenye kundi la WhatsApp haitofautishi kama ilisambaa kwa makusudi au kwa uzembe.

Ukitaka kuficha namba kwenye picha, tumia mstatili uliojazwa rangi kamili. Fungua picha kwa Paint, chagua umbo la mstatili, weka ujazo wa rangi thabiti, chora juu ya namba, hifadhi. Rangi imechukua nafasi ya pikseli zilizokuwepo na hazirudi. Kalamu ya kuangazia ya Snipping Tool haifai hata ukiipitisha mara tatu, kwani wino wake unapitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anasoma kila kitu. Kutia ukungu au vijisanduku juu ya namba nako ni dhaifu: tarakimu ni kumi tu na umbo la kila moja linajulikana, hivyo kompyuta inaweza kujaribu kila tarakimu, kuitia ukungu ule ule na kulinganisha. Ndani ya Word, mstatili uliouweka juu ya picha unaweza kusogezwa na yeyote anayefungua hati, na picha uliyoipunguza kingo bado ina kingo zake ndani ya faili. Utaziondoa kwa kuchagua picha, kuingia "Compress Pictures" na kuweka alama ya kufuta sehemu zilizokatwa.

Hata kukata kwa programu ya Windows yenyewe kuliwahi kuvuja. Machi 2023 iligundulika kuwa ukifungua picha kwa Snipping Tool ya Windows 11 au Snip & Sketch ya Windows 10, ukaikata, kisha ukaihifadhi juu ya faili lile lile, programu iliandika picha ndogo mwanzoni mwa faili na kuacha mkia wa picha ya zamani bila kuufuta. Picha ilifunguka ikiwa imekatwa, lakini sehemu ya kilichokatwa iliweza kurudishwa kutoka kwenye mkia huo. Microsoft walirekebisha mwezi huo huo, ila rekebisho lilipitia Microsoft Store, si masasisho ya kawaida ya Windows. Mashine ambayo Store yake haijawahi kuguswa inaweza kuwa na toleo bovu mpaka leo. Ingia Store, fungua maktaba yako, bonyeza kutafuta masasisho. Kwa picha za zamani, hifadhi nakala iliyokatwa kwa jina jipya. Hitilafu hiyo ilihusu kuandika juu ya faili lililokuwepo tu.

Jihadhari pia na programu za bure za skrinishoti zenye kitufe cha kupakia picha mtandaoni na kukupa kiungo. Kiungo kikiwa kifupi, watu hukikisia kwa kubadilisha herufi moja moja, na picha inakuwa ya kila mtu.

Jioni, kabla ya kufunga, fungua ile folda ya Screenshots, chagua zote kwa Ctrl na A, na ufute kwa Shift na Delete ili zisipitie kwenye pipa. Bonyeza Windows na V, kisha "Clear all". Kama folda hiyo imehamia OneDrive, hata Shift na Delete haitoshi, kwa sababu pipa la mtandaoni hukaa na faili kwa siku 30: ingia OneDrive kwa kivinjari na ulimwage huko pia. Na kama hukukusudia kabisa picha za wateja ziende mtandaoni, zima uwekaji akiba wa folda ya Pictures kwenye mipangilio ya OneDrive. Akaunti ya bure ina gigabaiti 5 tu, na msimu mmoja wa maombi unaweza kuijaza.

Kuna vitu ambavyo Windows haitakupigia kwa njia hizi za kawaida: skrini ya BIOS (ile ya mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), skrini ya kuingiza nywila kabla ya kuingia, na kosa la skrini ya bluu, kwani Windows ama haijaamka, ama imefunga mlango, ama imeanguka. Filamu za huduma za kulipia nazo mara nyingi hutoka nyeusi, kwa makusudi ya wenye nazo. Kwa zile tatu za kwanza simu yako ndiyo chombo halali: zima flashi, simama hatua moja nyuma na ukuze kidogo, na kama yanatokea mawimbi ya rangi kwenye picha, geuza simu kidogo iwe mshazari. Mawimbi hayo hutokana na mistari ya pikseli za skrini kugongana na ile ya kamera, na pembe ikibadilika yanapungua.